Mafuta Yasiyouzwa

Mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba mkono wa Mheshimiwa haufiki mdomoni. Watoto wa umri ule, wa miezi michache, hula ngumi zao mchana kutwa. Yeye aliinua mkono, ukafika kidevuni, ukasimama hapo kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Akajaribu tena. Hakulia, alikunja uso tu. Uso huo ndio uliompa jina. Tangu siku aliyozaliwa alikuwa na paji pana na mikunjo ya mtu anayesomewa taarifa asiyoridhika nayo, na shemeji yangu, baba yake, alipomwona alisema, "Mheshimiwa, tusamehe, hatukujua unakuja leo." Jina likaganda.

Mimi nyumbani naitwa Darubini, kwa sababu ya kukodoa macho. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nafanya kazi na mama uani, tunapika sabuni za kufulia. Kazi hiyo ni ya macho kuliko mikono. Mafuta na maji ya kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, yakianza kushikana, sufuria inapoteza mng'ao, inakuwa nzito, na ukichora mstari kwa mwiko mstari unabaki. Ukiuacha wakati huo upite, umeharibu. Mama aliniweka kwenye sufuria kwa kuwa sichoki kutazama.

Basi na mtoto wa dada nilimtazama hivyo hivyo. Niliona kwamba mkono kutoka begani mpaka kwenye kiwiko ni mfupi, kama umekatwa kipande cha katikati. Mapaja pia. Nikimbadilisha nepi, magoti hayanyooki. Na machoni, ndani kabisa ya ule mviringo mweusi, palikuwa na weupe, kama tone la maziwa limeangukia ndani ya kioo.

"Wewe Darubini," dada alinikaripia, "usimchunguze mwanangu kama nyanya za fungu."

Lakini usiku ule ule, nilisikia, alimwomba shemeji ammulike mtoto machoni kwa tochi.

Tukazungushwa kliniki hii na ile mpaka tukafika hospitali kubwa, kwa daktari wa watoto. Damu ilichukuliwa ikapelekwa nchi ya mbali, kwa sababu mashine ya kuipima haikuwepo karibu. Siku ya majibu tulienda sote, maana mama alikataa kubaki. Chumba kilikuwa kidogo, mzani wa kupimia watoto umefunikwa kitambaa cha maua, na viti vilikuwa viwili, kwa hiyo shemeji nami tuliegemea ukuta. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kutoa habari mbaya asubuhi hiyo na bado anazo nyingine.

"Tatizo ni mafuta," akasema.

Mama, aliyekuwa amejikunyata, akainua kichwa. Mafuta ni jambo letu.

Daktari akaeleza taratibu. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli, na ukuta wa kila seli ni wa mafuta. Si mafuta ya aina moja. Yapo yanayoitwa mafuta ya etha, ambayo yameungwa kwa fundo lisilo kama la mengine. Hayo hukaa ukutani na kusaidia habari zipite: seli moja ikiiambia nyingine ikue, au iache kukua, au ijilinde. Tena kukitokea sumu, yenyewe ndiyo hutangulia kuungua ili ukuta usiungue. Mtoto huyu alikuwa nayo kidogo mno, karibu hana.

"Kwa hiyo mfupa unaambiwa urefuke," akasema, "na ujumbe haufiki vizuri."

Shemeji ni fundi umeme. Akauliza, "Kama waya uliochunwa plastiki?"

"Karibu hivyo, baba. Hata nyaya za ubongo zina kifuniko, na kifuniko hicho kina mafuta haya kwa wingi."

Shemeji aliitazama mikono yake, ikatulia mbele yake kama vifaa ambavyo havikuitwa kazini.

"Na huyo anayeyatengeneza, mwilini, amekufa?" mama akauliza.

"Yupo, bibi. Ila ni kama fundi anayekaa mbali na karakana, na gari la kumfikisha kazini halipo. Gari hilo liliharibika tangu mimba inatungwa. Nusu ya hitilafu imetoka kwa baba, nusu kwa mama, na kila mmoja wao ni mzima, asingeweza kujua."

"Kwa hiyo ni sisi," dada akasema.

"Si kosa la mtu, mama."

"Sijasema kosa. Nimesema ni sisi."

Mheshimiwa akapiga mwayo. Mama akavuta kiti mbele, kama anavyofanya akienda kununua mapipa ya mafuta.

"Daktari, mwanangu, hayo mafuta sokoni yanaitwaje?"

"Hayapo sokoni, bibi."

"Hakuna mafuta yasiyouzwa."

"Haya mwili hujitengenezea. Kuna watu wanajaribu kuyatengeneza maabara, lakini bado hawajafika mahali pa kumpa mtoto kama huyu. Nisiwadanganye." Akaongeza kwamba tusimpe samli wala mafuta ya ng'ombe, kwa sababu humo mna kitu ambacho mwili wake hauwezi kukivunja, kinajazana. Tena asinyweshwe chochote akiwa amelala chali, maana koo lake halifungi njia ya hewa kwa wakati. Na aliposema kuhusu umri, alisema akimtazama dada usoni: wapo wanaofika umri wa kwenda shule, wengi hawafiki.

Dada alikuwa anasuka ncha ya kanga, anafumua, anasuka.

"Macho je?"

"Macho tunaweza," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikabadilika. "Daktari wa macho ya watoto hupita hapa kila baada ya miezi michache. Anaondoa ule weupe. Sasa hivi mtoto anaona mwanga na giza tu. Tukiuondoa ataona sura. Sharti ni moja, kifua kiwe safi, la sivyo hatalazwa kwa dawa ya usingizi."

"Ataniona?"

"Atakuona, mama."

Niliona dada akiacha kusuka. Yote mengine aliyaacha chumbani mle, juu ya ule mzani wa maua, akatoka na neno hilo moja.

Nyumba yetu ikaanza kuishi kwa ajili ya siku ya macho. Kifua cha Mheshimiwa kilitunzwa kama yai. Moto wa sabuni ulihamishiwa mwisho wa ua ili moshi usimfikie. Aliyekuwa na mafua alilala jikoni. Uji wake tuliufanya mzito, akakalishwa wima, na kijiko kilienda kidogo kidogo. Dada alianza kusumbuka na nguo.

"Nivae ipi siku atakapofunguliwa?"

"Nyekundu," shemeji akasema. "Wataalamu wanasema watoto huona nyekundu kwanza."

"Wataalamu gani?"

"Mimi."

"Na wewe utakaa wapi? Maana akianza na hiyo pua yako atafumba macho tena."

"Mheshimiwa ana pua yangu! Muulize, yeye mwenyewe ameiidhinisha."

Tukacheka mpaka mtoto akakunja uso. Siku zile tulicheka hata kwa visivyochekesha.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Nikajua anapiga hesabu.

"Darubini. Sabuni ikikataa kushika, tunaimwaga?"

"Hatuimwagi."

"Tunafanyaje?"

"Tunairudisha motoni, tunaiongezea mafuta yaliyopungua."

"Ehee."

"Mama, mtoto si sabuni."

"Nani kakwambia ni sabuni? Nimekuuliza swali, umejibu."

Akaniambia basi, kwa sauti ya chini, yale aliyokuwa akiyawaza. Daktari amesoma, hapingi. Lakini amesoma kitabu, hajanunua mafuta. Mafuta hayawi peke yake. Ukinunua ya nazi umenunua na mengine yaliyojificha humo ndani, ndiyo maana hata ya pipa moja na pipa jingine hayatoi povu sawa. Sasa hayo ya mtoto, kama hayana jina sokoni, si yatakuwa yamejificha ndani ya yenye jina? Ukimpa haya kidogo na yale kidogo, mwili utachagua wenyewe.

"Kasema hayaliwi, mama. Mwili unayatengeneza."

"Na mkono wako, uliula? Umeutengeneza kwa nini, kwa hewa?"

Nilimwambia tu asimpe kitu, akasema, "Nani kasema nampa?" Tangu hapo niliyafungia mafuta ya uani, ufunguo nikauvaa shingoni. Sikufikiria mafuta ya dukani.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mama alinunua chupa ndogo ndogo: ya ini la samaki, ya ufuta, ya alizeti, ya nazi iliyokamuliwa baridi. Ya ng'ombe hakugusa, alishika agizo. Dada akiwa bafuni, mimi niko sokoni, alimpakata mjukuu wake, kichwa kikiwa kimelala mkononi mwake, na kumdondoshea ulimini, tone la haya na tone la yale, akimwimbia.

Niligundua kwa pua. Nilimbeba asubuhi, akapumua usoni mwangu, nikasikia harufu ya ini la samaki. Halafu nikasikia kikohozi, kidogo, kikavu, kama mtu anayeomba radhi. Nikaingia naye ndani moja kwa moja, dada akiwa anakunja nguo na mama yuko mlangoni.

"Mama, umempa nini?" nikauliza.

"Matone."

"Matone ya nini?" Dada alikuwa amesimama.

"Mafuta. Mazuri, ya kuliwa, ya bei! Si ya ng'ombe. Hata tumbo halikumuuma."

"Tangu lini?"

"Mnaniuliza kama mwizi? Mimi niliyewalea nyie wote kwa mafuta haya haya!"

Dada hakupiga kelele. Alikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu, akarudi, akamchukua mtoto. "Ukimpa tena kitu chochote mwanangu, hata maji, naondoka nyumba hii. Nakuheshimu, lakini naondoka."

"Ni mjukuu wangu."

"Ni kifua chake, mama! Kifua chake ndicho walichotaka!"

Shemeji alikuwa ukumbini, amesikia yote. Mkwe hamkemei mama mkwe. Alitafuta ngazi, akapanda, akabadilisha balbu ambayo ilikuwa inawaka.

Tulimpeleka kliniki ya karibu siku ile ile. Wakasikiliza, wakatoa dawa ya maji, na kikohozi kikapungua mpaka kikawa cha asubuhi tu. Tukajipa moyo. Hata mimi, ninayejiona nina macho, nilitazama kile kifua kikipanda na kushuka nikaona kinapanda vizuri.

Siku ya macho ilifika. Dada alivaa nyekundu. Walituweka kwenye korido yenye benchi refu, watoto wengine wamelala mapajani mwa mama zao, hakuna aliyekuwa amekula. Mheshimiwa alipigwa picha ya kifua. Baada ya muda akaja daktari wa usingizi, mwanaume mnene mpole, ameishika picha kwenye mwanga wa dirisha. Daktari wetu wa watoto alikuwa nyuma yake.

"Mtoto huyu amewahi kupewa mafuta mdomoni?"

Nilimtazama dada, naye alitazama sakafu. Angeweza kusema. Hakusema.

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema. "Niliyempa ni mimi."

Daktari wa usingizi hakukasirika, na tungependa akasirike. Alichuchumaa mbele ya mama. "Bibi, maji yakiingia njia ya hewa, mtoto anakohoa, anayatoa. Mafuta hayamshtui. Yanateleza kimya kimya mpaka chini, na mapafu hayajui yayafanyeje. Yamekaa. Hapa, na hapa."

"Si kuna dawa ya kuyatoa?"

"Mapafu makubwa, wakati mwingine huoshwa. Haya madogo, na ugonjwa alionao, hapana. Tunangoja mwili uyapunguze wenyewe."

"Kwetu mafuta yanakatwa na kostiki," mama akasema, taratibu, wala hakuwa anamwambia mtu. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, mkono ule unaoshinda motoni.

"Nikimlaza leo huenda asiamke," daktari wa usingizi akamwambia dada. "Mrudisheni safari ijayo. Kikiwa safi, tutamfanyia."

Dada akauliza kama hawawezi kufanya jicho moja tu. Daktari wetu akasema usingizi ni ule ule. Dada akauliza kama hawawezi kumfanyia akiwa macho, tumshike sote. Kwa hilo alishikwa bega tu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kungoja mapafu. Sijui kazi ngumu kama hiyo. Ukingoja sabuni, unaweza kupunguza moto, unaweza kuongeza, mwiko uko mkononi. Hapa mikono yetu ilikuwa mitupu. Mara mbili alilazwa na homa, na bomba la hewa puani. Nilijifunza kuhesabu pumzi kwa kutazama shimo la chini ya koo, linavyobonyea. Shemeji alikuwa akitoka kazini anakaa kando ya kitanda, anauliza, "Mheshimiwa, kikao kimeendaje?" na kabla hajajibiwa anatoka nje. Mama aliacha kabisa kushika sufuria. Nilipika peke yangu. Wateja walisema sabuni ni ile ile.

Kuna mchana mmoja wodini dada alikuwa hajalala, anayumba akiwa amekaa. Mama alisimama ukutani, mahali alipokuwa akisimama kila siku bila kukaribia. Dada akamtazama muda mrefu.

"Mshike," akasema. "Kichwa juu."

Mama akampokea kama anapokea kitu cha moto. Alimshika wima, kidevu cha mtoto begani mwake, na hakusogea mpaka dada alipoamka. Hakumwimbia. Nadhani aliogopa hata wimbo.

Daktari wa macho alirudi. Daktari wetu alikuwa ametuambia mapema kwamba hakuna haja ya kuja, kifua tunakijua. Dada alimwogesha mtoto, akavaa nyekundu, akaniambia, "Twende." Shemeji alikuwa kazini. Mama alibaki mlangoni, hakuuliza kama aje.

Korido ile ile, benchi lile lile. Daktari wa usingizi alitoka, akatujua, akaja mwenyewe badala ya kutuita. Aliweka kipimo mgongoni kwa Mheshimiwa, akasikiliza kulia, kushoto, kulia tena. Nilikuwa namtazama usoni, na niliona jibu kabla hajatoa kipimo masikioni.

"Bado," akasema.

"Bado mpaka lini?"

Akakifuta kipimo kwa pamba, polepole, mahali palipokuwa pamekwisha kuwa safi. "Mama, sitaki nikutajie lini."

"Basi sema hapana."

Alitikisa kichwa, kidogo sana, kisha akarudi ndani, ambako kulikuwa na watoto wengine wanamngoja.

Hatukuinuka. Dada alikuwa amemweka Mheshimiwa wima begani, anampapasa mgongo, na mtoto ameelekeza uso dirishani, kwenye mwanga, kama alivyozoea. Mbele yetu nesi alikuwa anawafungua bandeji watoto waliofanyiwa jana. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mapacha, hatumjui, alikuwa ameshika mmoja anayelia huku mwingine anafunguliwa. Nesi alipomaliza, mama huyo alitafuta mahali pa kumweka aliyefunguliwa.

"Dada yangu, nishikie kidogo," yule mwanamke akaniomba, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijajibu. Alikuwa msichana, mzito, mwenye jasho. Alinitazama mimi kwanza, kidevu changu, sikio langu. Kisha ile nyekundu ikamvuta. Akageuka kwa dada, akanyoosha kichwa, akaanza kumkodolea: macho, pua, mdomo, tena macho. Alikuwa anautembelea ule uso kama chumba kipya.

Nilitaka kumgeuza. Nilikuwa nimekwisha kumshika mabega.

"Mwache," dada akasema.

Akainamisha uso wake, ukafika karibu na wa yule mtoto. Mkono wake haukuacha kumpapasa Mheshimiwa mgongoni. Mtoto wa watu akamtazama mpaka akaridhika, akatabasamu, na dada akakaa vile vile, bila kupepesa, mpaka mama yake alipokuja kumchukua.